Atomu Haina Kijiji: Barua Kutoka Bukavu

Bukavu, Septemba 2024

Mjomba,

Nimefika, na mifupa yote ipo. Barabara ya kutoka Uvira ni kama ulivyonisimulia, ila imezeeka zaidi. Bonde la Ruzizi lenyewe halina neno: Kiliba, Sange, Luvungi, jua na vumbi, unaanza kujisifu moyoni kwamba safari ni nyepesi. Kisha Kamanyola inaisha na mlima wa Ngomo unaanza. Dereva alizima redio bila kuambiwa. Akina mama waliokuwa wakibishana juu ya bei ya mchele wakanyamaza, na mmoja aliyekaa upande wa korongo akafumba macho kwenye kona ya kwanza, hakuyafumbua mpaka Nyangezi.

Bukavu yenyewe inalipa taabu hiyo. Mji umekaa juu ya rasi tano zilizochomoza ndani ya Ziwa Kivu, na nyumba zimepandana vilimani hadi unajiuliza aliye chini anapataje usingizi mvua ikinyesha. Baridi ipo. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mimi nimekuja na mashati ya Ujiji, kwa hiyo safari yangu ya kwanza mjini ilikuwa soko la Kadutu kutafuta sweta ya mtumba. Muuzaji aliponisikia nikipatana bei akacheka: "Papa, weye iko mutu wa Tanzania. Kiswahili yako inavaaka kravati." Tangu hapo najitahidi kuilegeza, lakini kila nikifungua mdomo wanajua.

Jioni nilikula sambaza wa kukaanga kwa ndizi, pembeni mwa ziwa. Ujue hao sambaza ni ndugu zetu: walichukuliwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa huku, kwa sababu Kivu ilikuwa haina samaki wa kuishi katikati ya maji. Mtu wa Bukavu ukimwambia hivyo anakuangalia kama umemtukana mama yake. Kwake sambaza ni wa Kivu, basi. Nikamwachia.

Ulinipa swali moja nilipoaga, nalo nimelibeba kila mahali: hilo jiwe lao la koltani lina nini ndani yake, na wenye elimu wameshafika wapi katika kulichungulia. Nitakujibu, lakini uvumilie kwanza habari ya ugonjwa, maana huku huwezi kuzungumzia vitu vidogo bila kuanza na huo.

Watu hawashikani mikono. Mpakani Kavimvira tulinawa maji ya klorini na kulengwa kipimajoto kwenye paji la uso mmoja mmoja, na mjini salamu ni ya kiwiko, au mkono juu ya kifua. Ni mpox. Mwezi uliopita, tarehe 13 Agosti, Africa CDC ilitangaza dharura kwa bara zima, na kesho yake Shirika la Afya Duniani likaitangazia dunia. Chanzo cha tangazo lote hilo ni aina mpya ya kirusi iliyojulikana kwanza Kamituga, mji wa dhahabu katika teritwari ya Mwenga, ndani ya jimbo hili hili la Kivu Kusini. Ugonjwa wenyewe si mgeni Kongo. Binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuwa nao alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, jimbo la Ikweta, mwaka 1970. Kwa miaka mingi ulikuwa wa vijiji vya msituni: mtu anaugua baada ya kugusa mnyama, anaambukiza wawili watatu wa nyumbani, unakufa hapo hapo. Kamituga mambo yakawa mengine. Kati ya Septemba 2023 na Januari 2024 watu 241 walishukiwa kuugua na 108 wakathibitishwa kwa vipimo vya maabara. Karibu theluthi yao walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono kwenye baa za machimboni.

Sasa sikiliza kilichonivutia. Kirusi hicho kina urefu wa nanomita 200 hadi 250 hivi, na nanomita ni milimita moja iliyokatwa vipande milioni. Mjerumani Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba hadubini inayotumia mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga wenyewe, yaani nanomita 200 na kitu. Lenzi uisugue vizuri namna gani, hapo ndipo mwisho. Kirusi cha mpox kimekaa juu ya mstari huo huo. Vingi vya ukoo mwingine viko chini yake. Ilibidi wasubiri hadubini ya elektroni, ambayo Ernst Ruska na mwalimu wake Max Knoll waliianza Berlin mwaka 1931, ndipo virusi vionekane sura.

Lakini sura haikuambii kimetoka wapi. Kwa hilo wanasoma maandishi yake, ile DNA, ambayo kwa kirusi hiki ina herufi kama 197,000. Na hapo Kamituga ikawachezea. Kulikuwa na kipimo cha PCR kilichokubalika duniani cha kutambua tawi la kwanza la mpox, lile kali la Afrika ya Kati. Sampuli za Kamituga zikiwekwa kwenye kipimo cha jumla, jibu lilikuja kwamba ni mpox. Zikiwekwa kwenye kile cha tawi la kwanza, hakuna kitu. Kipimo kilikuwa kinatafuta kipande fulani cha jeni, na kirusi cha Kamituga kilikwisha kukipoteza njiani. Watafiti wa Kongo na wenzao, Leandre Murhula Masirika akiwa miongoni mwao, wakasoma maandishi yote tangu mwanzo hadi mwisho na kukuta ni tawi la kwanza kweli, ila chipukizi jipya. Leo linaitwa Ib.

Walikuta pia mikwaruzo. Seli zetu sisi binadamu zina vimeng'enya vinavyochezea DNA ya kirusi kinachoingia, na vinabadilisha herufi kwa mtindo wao unaotambulika. Kirusi kilichokuwa kikiishi kwa panya na kindi hakina mikwaruzo hiyo kwa wingi. Hiki cha Kamituga kilikuwa nayo tele, ushahidi kwamba kimepita kutoka mtu hadi mtu, mwili baada ya mwili. Kwa kuhesabu mikwaruzo wakakadiria kilianza safari hiyo karibu na Septemba 2023.

Kwa hiyo kitu kisichoonekana kinaweza kuwa na historia, na historia hiyo ikasomeka. Ukiishia hapo utadhani ni suala la vyombo tu, kwamba kila tukipata hadubini kali zaidi tutasoma zaidi, chini na chini tena bila mwisho. Mimi nilikuja nikiamini hivyo. Koltani ndiyo iliyonikatalia.

Nyumba ninayolala ina jirani mnunuzi wa madini, wao wanamwita negosian. Ni mtu mwenye sauti kubwa na simu tatu. Alinionyesha koltani yake kwenye sahani ya bati: kokoto nyeusi na mchanga mweusi, hakuna kinachong'aa, ungeikuta njiani usingeinama. Ukiishika ndipo mkono unashuka, ni nzito mno kwa ukubwa wake. Inachimbwa kwa sururu na beleshi huko Numbi, upande wa Kalehe, na Shabunda na kwingineko, inaoshwa mtoni, inabebwa mgongoni hadi panapofika pikipiki. "Zamani mukono njo ilikuwa inajua," akaniambia, akipima uzito kwa kuirusha juu kidogo. Siku hizi kwenye makontua, zile nyumba za kuuzia nje, kuna kifaa cha mkononi cha eksirei. Unakilenga kwenye mchanga, baada ya muda mfupi kinakupa asilimia ya tantali, metali inayotafutwa ndani ya koltani: ishirini, thelathini, na bei inafuata asilimia.

Kifaa hicho ni fizikia ya kweli, wewe utaipenda. Eksirei inaing'oa elektroni moja ya tabaka la ndani la atomu. Elektroni ya tabaka la juu inashuka kuziba pengo, na katika kushuka inatoa mwonzi wenye nguvu maalumu kwa elementi ile tu. Mwingereza Henry Moseley alizipanga elementi kwa mionzi hiyo mwaka 1913, akiwa na miaka 25. Miaka miwili baadaye waliompeleka vitani Gallipoli wakamrudishia mama yake barua. Tantali ni namba 73. Negosian hajui habari za Moseley, lakini namba 73 ndiyo inayompa kula.

Na wewe fundi inakupa kula. Zile kapasita ndogo za njano zenye mstari upande wa chanya, zile ambazo ukigeuza polariti zinalipuka usoni, ndani ni unga wa tantali uliochomwa ukashikana, kisha kila punje ikavishwa ngozi ya oksaidi yenye unene wa makumi ya nanomita. Ngozi hiyo ndiyo kazi yote. Kwa kuwa ni nyembamba kiasi hicho na haipitishi umeme, kitu kidogo kinaweza kuhifadhi chaji kubwa, na simu ikawa bapa.

Magunia ya negosian yana lebo za plastiki zenye namba. Hadithi ya lebo ni ndefu na nitaifupisha kwa sababu huku kila mtu ameichoka. Mwaka 2010 Wamarekani walipitisha sheria ya Dodd-Frank, ndani yake kifungu cha 1502 kinachozitaka kampuni zieleze kama madini yao yametoka Kongo na kama yamewalisha wenye bunduki. Wakivu wanaiita Loi Obama, na hawaiti kwa mapenzi. Mwezi Septemba mwaka huo huo Rais Kabila akafunga machimbo ya mashariki hadi Machi 2011, watu wakalala njaa, kisha zikaja lebo. Kila gunia na lebo yake tangu shimoni. Mwaka 2022 shirika la Global Witness likatoa taarifa likidai kwamba madini ya magendo yanavishwa lebo hizo hizo na kupita. Negosian hakubisha wala hakukubali. Alisema, "Lebo iko ku gunia. Haiko ku mawe."

Wajerumani wa taasisi ya jiolojia ya BGR walijaribu kwenda ndani ya jiwe lenyewe. Kila shimo lina uchafu wake: urani kidogo, risasi, titani, umri wa mwamba. Ukipima uchafu huo punje kwa punje unaweza kusema jiwe hili linafanana na la shimo fulani na halifanani na la shimo jingine. Ni kazi nzuri, lakini angalia inasimama juu ya nini. Kinachotaja kwao ni uchafu; tantali haitaji chochote. Jiwe likiingia kiwandani, uchafu unaondolewa, na tantali safi inayotoka upande wa pili imesahau. Hapana, hata kusahau si neno lake, maana haikuwahi kujua.

Haya nilielezwa na mwalimu wa fizikia wa sekondari niliyekutana naye kwa huyo huyo jirani, mtu mwembamba wa maneno taratibu ambaye chaki haimtoki kwenye mifuko. Alijitolea kunipeleka Lwiro, na ndiyo safari bora niliyofanya huku.

Lwiro iko kaskazini, upande wa Kavumu na Katana, karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Mbelgiji alianzisha huko mwaka 1947 taasisi ya utafiti wa Afrika ya Kati, IRSAC, chini ya Louis van den Berghe, mtaalamu wa vimelea. Unatoka kwenye migomba na mashamba ya maharage, ghafla mbele yako kuna majengo ya fahari yenye nyua na nguzo, na mlima Kahuzi nyuma yake. Walitaka kujua kila kitu: vimelea, udongo, ziwa, matetemeko, miili ya watu. Sipendi nusu ya mambo waliyoyaweka kwenye orodha yao, hasa hayo ya kupima watu vichwa kana kwamba ni mbuzi wa mnada, lakini siwezi kusema majengo si mazuri. Leo ni kituo cha serikali, CRSN, na Wakongo wenyewe wanaendelea na kazi pale, matetemeko na volkano zikiwemo, kwa mishahara ambayo mwalimu aliinyamazia. Sokwe yatima waliookolewa kwa majangili nao wana makao yao pale. Wanapiga kelele saa ya chakula kuliko stendi ya Mwanga.

Tulikaa kwenye ngazi za jengo kuu, tukila karanga, akaniambia: "Mawe iko na kijiji. Atomu haina kijiji, papa."

Nikadhani ni methali. Akasema hapana, ni fizikia. Chukua atomu mbili za tantali ya kawaida, moja ya Numbi, moja ya Australia. Mtu atasema zinafanana sana hata hatuwezi kuzitofautisha. Sivyo. Hakuna cha kutofautisha. Ukizibadilishana mahali, hakuna kilichobadilika ulimwenguni, na hesabu za fizikia ya kwanta zinatoa majibu sahihi kwa sharti kwamba uzihesabu hivyo. Ukizipa kila moja utambulisho wake wa siri, majibu yanakosewa. Kirusi kina herufi 197,000, kina mahali pa kuandika safari. Atomu haina nafasi ya ziada ya kuandika kitu. Ukishasema ni elementi gani, ina nyutroni ngapi na iko katika hali gani, umemaliza wasifu wake wote.

Nikamuuliza, basi tunaijua yote? Hapo akatoa chaki, nakwambia kweli, akaandika kwenye jiwe la ngazi: 180.

Karibu tantali yote ni ya uzito wa 181. Lakini katika kila atomu 100,000 kuna kama 12 za uzito wa 180, na hizo ni kioja. Kiini cha tantali-180 kikiwa katika hali yake ya chini, hakikai: nusu yake hutoweka ndani ya muda wa saa 8 hivi, kwa kugeuka hafni au wolframu. Kile tunachokikuta kwenye mwamba kiko katika hali ya juu, hali yenye nishati ya ziada, ambayo kwa viini vingine hudumu chini ya kufumba na kufumbua. Hiki kimekaa tangu kabla ya dunia kuwapo. Kinazunguka kwa nguvu mno, na ili kishuke lazima kitupe karibu mzunguko wote huo kwa mkupuo mmoja huku nishati ya kutupia ikiwa kidogo sana. Ni kama mtu aliyepanda darini ngazi ikaondolewa. Ukikipiga kwa eksirei kali kinashuka, hilo limeonyeshwa tangu 1988. Chenyewe kwa hiari yake, hakuna binadamu aliyewahi kukiona kikishuka. Ndicho kiini pekee cha namna hiyo kinachopatikana katika maumbile, na wanaastronomia bado wanabishana ni nyota za aina gani zilizokipika.

Kimo humo, Mjomba. Katika mchanga wa negosian, katika kapasita zako, katika simu niliyonayo.

Watu wamejaribu kukivizia. Huko South Dakota, Marekani, kuna mgodi wa dhahabu wa Homestake uliofungwa mwaka 2002 na kugeuzwa maabara. Mita 1,480 chini ya ardhi, ambako mwamba unazuia mionzi ya anga, watafiti wa kikosi cha Majorana walipanga visahani vya tantali, karibu kilo 17 kwa jumla, katikati ya vigunduzi vya jermani vilivyo miongoni mwa vyombo vyenye utulivu kuliko vyote duniani. Ndani ya kilo hizo, tantali-180 ilikuwa gramu 2 tu. Wakasikiliza mwaka mzima. Mwaka 2023 wakachapisha jibu: hatukusikia kitu. Kutokana na ukimya huo wakahesabu kwamba nusu-uhai wake hauwezi kuwa chini ya miaka 290,000,000,000,000,000. Ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8, gawanya utapata zaidi ya mara milioni 20.

Usiku nilichukua karatasi nikafanya hesabu yangu. Gramu moja ya tantali ina atomu 3 na ushei ikifuatiwa na sifuri 21. Za uzito wa 180 ni 4 ikifuatiwa na sifuri 17. Ukitumia kikomo hicho cha Majorana, katika gramu nzima itashuka atomu moja kwa mwaka. Moja! Na hiyo ndiyo idadi ya juu inayoruhusiwa. Ya kweli inaweza kuwa moja kwa karne.

Ipi katika hizo zote, na siku gani? Hapo ndipo mwalimu alipotaka nifike. Kwa nini kiini hakishuki, inajulikana. Kasi ya jumla itajulikana siku moja, wakipata vyombo vizuri zaidi. Lakini hiki kishuke leo na pacha wake abaki miaka elfu nyingine, hakuna sababu iliyofichwa ndani yake ya kukitofautisha na mwenzake. Einstein hakuipenda habari hiyo hadi anakufa. Alitumaini kuna saa ndani ambayo hatujaiona bado. Majaribio yaliyowapa Aspect, Clauser na Zeilinger tuzo ya Nobel mwaka 2022 yaliifungia njia aina ya saa aliyoitaka yeye, ile ambayo kila chembe ingejibebea majibu yake mahali ilipo. Wapo wanaotafuta milango mingine, na inawagharimu kukubali mambo ya ajabu kuliko kukosekana kwa saa.

Unaweza kuendelea kushuka. Kiini kile kina protoni 73 na nyutroni 107, kila moja ikiwa na kwaki tatu ambazo hazijawahi kuonekana zikiwa peke yake. Elektroni haijapatikana ukubwa wowote, hata kwa kipimo cha mita moja iliyogawanywa mara bilioni, kisha mara bilioni tena. Mashine kubwa ya kugonganisha chembe huko Geneva ina mzingo wa kilomita 27, na kadiri unavyotaka kuona kidogo zaidi ndivyo unavyohitaji mashine kubwa zaidi. Mwisho kabisa wananadharia wanataja urefu wa Planck, sifuri, nukta, sifuri 34 kisha 16, sehemu ya mita, ambako hata kusema "hapa" na "pale" huenda hakuna maana. Mwalimu aliufikia huo akafuta chaki kwa kiatu. Alisema yeye kinachomtosha ni tantali.

Nilimrudishia negosian habari za South Dakota. Alisikiliza kwa makini, akaweka simu zote tatu mezani. "Sasa bale bazungu banalipwa juu ya kuangalia mawe yenye haifanye kitu?" Nikamwambia ndiyo. "Na ni mungodi ya zahabu, sawa Kamituga?" Ndiyo. Akatikisa kichwa muda mrefu, nadhani alikuwa anapiga hesabu ya nauli.

Nilimchokoza pia juu ya atomu isiyo na kijiji, na jibu lake ndilo limenikaa. Akasema basi wazungu hawana haki ya kuuliza lebo, kama atomu yenyewe haijui kwao. Hoja hiyo nimeisikia ikisemwa kwa tai na kwa Kifaransa pia: dunia ya madini ni ngumu, haiwezekani kujua. Wanachanganya ujinga wa aina mbili. Tantali ikishayeyushwa, hakuna malaika atakayeiuliza ilikotoka, na hilo si kosa la mtu. Lakini kabla ya kuyeyushwa lilikuwa jiwe, na kabla ya hapo lilikuwa gunia, nalo gunia lilibebwa na kijana mwenye jina, kutoka shimo lenye jina, akalipia kizuizi kinachosimamiwa na watu wanaojulikana hadi vyeo. Anayenunua akisema haijulikani, anasema kweli kuhusu atomu na anadanganya kuhusu gunia. Shimo likiporomoka huko Shabunda, majina ya waliofukiwa hayakupotea kwa sababu ya fizikia. Hakuna aliyekwenda na kalamu.

Nchi hii inaujua mchezo huo zamani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Walioichimba kwa mikono hawakuambiwa ni ya nini. Kisha mwaka 1959 Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, ikapata tanuri la nyuklia la utafiti katika Chuo Kikuu cha Lovanium, la kwanza Afrika nzima. Atomu ilifika chuoni baada ya kutoka shimoni kwa njia ndefu sana.

Basi, nimekuchosha. Wiki ijayo nateremka Uvira, na safari hii nitakaa upande wa mlima. Sambaza wakavu nimewanunua, utawaonja mwenyewe useme kama ni wa kwetu au wa kwao. Mwalimu anakusalimia na ana ombi: wanafunzi wake wanakaa juu ya mlima wa koltani na hawajawahi kuona kapasita iliyopasuliwa. Katika lile boksi la bodi mbovu chini ya meza yako, mng'olee kama ishirini zilizokufa, za njano zenye mstari. Zile bapa za kahawia usihangaike nazo, ni za kauri.

Wasalimie wote nyumbani.

Mpwa wako